Furukombe Aliyesafishwa Mguu

Bibi harusi hana chunusi. Hata kama amefika kanisani na chunusi tatu kidevuni na macho mekundu kwa kukosa usingizi, picha zikitoka kwa Coletha uso ni laini kama ganda la yai. Miaka kumi na sita alifanya kazi hiyo Durban, katika chumba kimoja chini ya ghorofa za mtaa wa Berea, ubavuni mwa saluni ya nywele, na wateja walimpendea jambo hilo hilo. "Nenda kwa Mama Coletha," waliambiana, "utaingia binadamu, utoke malaika."

Lakini kila Jumatatu alifunga duka akaenda mtoni. Mtu aliyezaliwa Bukoba, kando ya ziwa, masikio yake hayasahau sauti ya furukombe, yule tai wa kichwa cheupe anayevua samaki kwa makucha, halafu analia huku amerusha kichwa nyuma kama jirani aliyesikia umbea mtamu. Siku Coletha alipousikia mlio huo kando ya mto Mngeni, karibu na pale unapoingia baharini, alisimama na mfuko wa mboga mkononi akasahau alikokuwa anakwenda. Sasa ulikuwa mwaka wa nne. Alikuwa na lenzi ndefu, aliyouziwa na mpiga picha wa mpira aliyestaafu, na alikuwa na furukombe wake: jike na dume, wenye kiota juu ya mkaratusi ng'ambo ya maji. Mwaka huo, mwezi wa Agosti, kiota kilikuwa na kinda mmoja.

Alikuwa na Anatole pia. Huyu alikuwa Mkongo wa Bukavu, zamani mwalimu wa hesabu, siku hizi mlinzi wa magari pale wanapoegesha watu wanaokuja kutembea mtoni. Kizibao chake cha njano kilionekana toka mbali, na ndege walimzoea kuliko walivyomzoea mtu yeyote. Wapita njia walipomuuliza kama yule ndiye tai wa Amerika, alijibu bila kucheka: "Apana. Wa Amerika iko na visa. Huyu amezaliwa hapa, iko na papiers, makaratasi yote. Ananipita mimi."

Basi Jumatatu moja, jike alitua kwenye tawi kavu karibu kuliko siku zote, mwanga ukiwa nyuma ya Coletha, mzuri, wa asubuhi. Alipiga picha arobaini. Mchana alirudi dukani, akachagua moja, akaketi mbele ya kompyuta akafanya kazi yake. Aliondoa waya wa umeme uliokatiza nyuma. Akaondoa kinyesi kilichokuwa kwenye tawi. Kwenye mguu wa kulia palikuwa na kitu kama unywele, kinang'aa kidogo, kimezunguka zunguka. Uchafu, alijisemea, na mkono wake ukakifuta kabla akili haijauliza ni uchafu gani. Kisha, kama alivyozoea, alihifadhi picha iliyokamilika na kufuta zote zilizokuwa kwenye memori kadi, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi na kadi ilihitajika.

Picha ile aliituma kwenye kundi la WhatsApp la Dokta Kwamboka. Huyu ni Mkenya, anafundisha elimu ya viumbe chuo kikuu, na alikuwa amewakusanya watu wa Afrika Mashariki waliopenda kuhesabu ndege wa mto huo. Watu walisifu mpaka jioni. Godson, wakala wa mizigo bandarini, mtu asiyeweza kupita pahali bila kutupa neno, aliandika: "Dada Coletha, huyu umempaka na lipstiki au bado?" Coletha alicheka peke yake, akalala vizuri.

Alhamisi Anatole alimpigia simu.

"Mama, ule mwanamke wetu wa kichwa nyeupe iko anasumbuka. Leo ameshika samaki mara mbili, mara mbili imeanguka. Mguu ya kuume anauvuta hivi, kama kuna mutu anaukamata nyuma. Mi naona iko na uzi ya wavuvi."

"Uzi gani, Anatole?"

"Ile nailoni. Inang'aa kwa jua. Imefunga mguu, vraiment, mara nyingi."

Coletha aliketi. Mteja mmoja alikuwa mbele yake, ameshikilia kidevu juu kwa ajili ya picha ya pasipoti, naye Coletha akawa hamwoni. Alichokuwa anakiona ni ule unywele. Haukuwa unywele. Ulikuwa mshipi wa kuvulia, nao ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa ndege tangu Jumatatu au kabla yake, na yeye aliuona, akaufuta.

Alimpigia Kwamboka, na Kwamboka hakupoteza muda. Alimpigia Anselmo, Mmakonde wa upande wa Msumbiji, ambaye kazi yake ilikuwa kukamata ndege waliojeruhiwa na kuwatibu. Baada ya robo saa watatu hao walikuwa kwenye simu moja.

"Picha niliyotumiwa ninayo hapa," alisema Anselmo kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Ni ya Jumatatu. Nimeikuza mpaka mwisho. Mguu mzima huu, mama. Msafi kuliko wa kwangu."

"Niliusafisha mimi," Coletha alisema.



"Uliusafisha vipi?" aliuliza Kwamboka.

"Kwa kompyuta. Nilidhani ni uchafu. Ndivyo ninavyofanya."

"Na ile original?"

"Nimefuta zote."

Kwamboka alivuta pumzi. "Coletha, na picha za pasipoti huwa unasafisha pia?"

"Zile hairuhusiwi. Kovu likae, kipele kikae. La sivyo mtu anazuiwa mpakani."

"Sasa huyo ndege alikuja kwako kama mtu wa pasipoti, wewe ukamfanya bibi harusi."

Neno hilo lilimchoma. Anselmo ndiye aliyeendelea, tena kwa upole. Kila wiki, alisema, watu humwita kwa ajili ya ndege aliyevunjika mguu, akifika anakuta ndege amepumzika tu, amekunja mguu mmoja ndani ya manyoya kama desturi yao. Na huyu alikuwa na kinda. Kumkamata ni kumtoa kiotani saa nzima au zaidi, kumtia hofu, pengine kumfanya akihame kiota. Hawezi kufanya hivyo kwa kusikia tu. "Nionyeshe mguu. Nione ni kidole kipi, uzi umezunguka wapi, kama una ncha inayoning'inia. Ukining'inia utanasa kwenye mti, na yeye atabaki juu ya mti huo kichwa chini mpaka afe. Nikiona, nakuja siku inayofuata. Nisipoona, siji."

"Utaona," Coletha alisema.

Ijumaa alibandika karatasi mlangoni, "Nimetoka", na saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mtoni na stendi yake ya kamera. Jike alikuwa kwenye mkaratusi. Amekaa kwa mguu wa kushoto, wa kulia ameuficha tumboni. Ikafika saa mbili, ikafika saa nne. Dume alileta samaki mdogo kiotani, kinda akalia, jike hakusogea. Coletha hakusogea pia. Miguu ilikufa ganzi, akabadilisha wa kusimamia, akajikuta naye anasimama kwa mmoja.

"Mama, kunywa maji," alisema Anatole.

"Nikishika chupa ndipo ataruka."

"Donc nitakunywesha mimi kama mutoto."

Na kweli alimshikia chupa mdomoni, huku Coletha jicho lake liko kwenye kamera. Saa nane jike aliruka, lakini kuelekea juu ya mto, mgongo ukiwa kwao. Picha zilitoka kumi na mbili, zote za mkia.

Jioni hiyo Godson aliandika kwenye kundi, kwa vile Kwamboka alikwisha kuwaeleza watu jambo lilivyo: "Sasa dada, si uchore tu huo uzi kwa kompyuta? Ulivyoutoa ndivyo uurudishe." Labda alitania, labda hapana. Coletha aliitazama ile simu kwa muda. Angeweza. Kwa dakika kumi angeuchora mshipi ambao hata mvuvi mwenyewe angeudai. Akaandika: "Siujui ulipita wapi. Ndiyo maana narudi kesho." Akazima simu.

Jumamosi harusi ilikuwa saa sita mchana. Alivaa kabisa gauni lake la kazi, la buluu iliyokolea, akaweka kamera ya pili garini, akateremka mtoni giza likiwa linaondoka. Maji yalikuwa yamekupwa. Tope lilikuwa wazi kutoka ukingoni mpaka katikati, na juu ya tope hilo, hatua kama sitini kutoka kwenye njia, alikaa jike wa furukombe na samaki aliyekufa mbele yake. Ndege anayeshindwa kuvua hula alichokikuta.

Tatizo lilikuwa majani. Ukisimama, mafunjo yanaficha miguu yake. Ukiinama, yanaficha zaidi. Palikuwa na mwanya mmoja tu, chini kabisa, pale maji ya mvua yalipochimba mfereji kwenda mtoni.

"Apana, mama," Anatole alisema alipoona anapotazama. "Na ile robe, gauni ya kazi?"

"Nishikie viatu."

Alilala kifudifudi. Tope lilikuwa baridi na lilinuka kama samaki wa juzi. Alijivuta kwa viwiko, kamera mbele, kidogo, akasubiri, kidogo, akasubiri. Mfuko wa plastiki ulikuwa umenasa kwenye mafunjo mbele ya lenzi; aliuacha, kwa sababu mkono ukitokea ndege ataondoka. Jike alirarua samaki, akayumba. Akainua mguu wa kulia ili abadilishe mkao, na hapo, katikati ya mafunjo mawili, Coletha aliuona wote: mshipi umezunguka kifundo mara tano au sita, umebana kidole cha nyuma mpaka kimekuwa cheusi, na ncha yake inaburuta kwenye tope, ndefu kama mkono wa mtu, na kipande cha risasi cha kuzamishia ndoana mwishoni.

Akabonyeza na hakuacha kubonyeza. Jike alisikia, akageuza kichwa, akaruka kuja upande wake kabla ya kupinda, miguu ikining'inia, risasi ikipepesuka hewani nyuma yake. Hiyo nayo aliipata.

Hakwenda dukani. Alikaa garini, matope mpaka kidevuni, akahamisha picha tatu kwenye simu. Mfuko wa plastiki ulikuwa umefunika robo ya picha ya kwanza. Kulikuwa na utumbo wa samaki, kulikuwa na nzi. Kidole gumba chake kilikuwa tayari kimefungua ile sehemu ya kurekebisha, kwa mazoea tu, naye akakitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeingiza mkono kwenye sukari. Akaifunga. Akatuma kama zilivyo.

Anselmo alijibu kabla gari halijawaka. "Kidole cha nyuma kimekwisha. Vingine bado. Kesho alfajiri, kabla kinda hajaanza kudai."

Harusini aliingia na kanga ya kuazima kiunoni, na mama wa bwana harusi alimtazama viwiko vile vya matope. Alifanya kazi yake, akaifanya vizuri.

Jumapili Anselmo alifika na mtumbwi mdogo wa plastiki na mkizi mmoja aliyezungushiwa vitanzi vyembamba. Alimwacha mkizi huyo aelee mahali Anatole alipomwonyesha, maana Anatole ndiye aliyejua jike hupenda kupita wapi. Walingoja kidogo tu. Jike alishuka, akampiga samaki, vitanzi vikamnasa makucha, akaanguka majini kwa kishindo huku mbawa zimetanda. Anselmo alimfikia kwa mapigo sita ya kasia.

Ukingoni alimfunika kichwa kwa kitambaa. "Mama, piga," alisema. "Kabla, katikati na baada. Dokta Kwamboka atazitaka." Coletha alipiga kidole cheusi, akapiga damu, akapiga mkasi ukipita chini ya mshipi. Kidole cha nyuma kilitoka chenyewe, hakikuhitaji kukatwa. Anselmo aligusa vile vitatu vilivyobaki kimoja kimoja. "Vina joto," alisema. Akamchoma sindano, akapaka dawa, kisha akawaeleza mpango wake. Angemwachia sasa hivi, kwa ajili ya kinda. Lakini tai bila kidole cha nyuma anaweza kushindwa kushika. "Kama hajavua mpaka kesho jioni, namrudia, namchukua, na kinda tutajaribu kumlea kwa mkono. Wengi hatuwawezi, hufa."

"Nani atajua kama amevua?" aliuliza Anatole.

"Mimi," alisema Coletha. "Kesho ni Jumatatu."

Alikuwepo tangu alfajiri. Asubuhi jike alijaribu mara moja akakosa. Mchana akajaribu tena, akashika, samaki akaponyoka akiwa ameinuliwa kimo cha mtu. Kinda alilia mfululizo. Dume alikuwa ameleta mmoja tu tangu asubuhi, na Anatole alikuwa ameacha kutania. Saa tisa. Saa kumi. Anselmo aliandika: "Vipi?" Coletha akajibu: "Bado. Usije."

Saa kumi na nusu maji yalianza kupwa, mikizi ikawa inaruka yenyewe kama ilivyo hulka yao, na jike akauacha mti. Hakuja juu juu kama zamani. Alishuka taratibu, akanyoosha miguu yote miwili mapema, wa kushoto mbele, wa kulia nyuma yake kidogo, akazama mpaka mapajani. Akapiga mbawa mara tatu bila kuinuka. Ya nne akainuka. Mkizi alikuwa chini yake, ameshikwa kichwani kwa kushoto na mkiani kwa yale makucha matatu ya kulia, anapigapiga, na jike alivuka mto naye, chini sana, ncha za mbawa zikigusa maji, mpaka kwenye mkaratusi. Kinda akanyamaza.

Coletha aliangalia picha. Ilikuwa imetikisika, na waya wa umeme ulipita katikati ya shingo ya ndege. Lakini miguu ilionekana.

Akamtumia Anselmo.