Mwalimu Geuza na Simu ya Kujuliwa Hali

Katika karakana ya ushonaji ya chuo kile cha ufundi, hakuna nguo iliyowahi kusifiwa kwa sura yake ya nje. Ungempelekea mwalimu gauni limenyooka, kola imesimama, vifungo vimepangana vizuri. Yeye angelishika pindo, akaligeuza ndani nje, ndipo avae miwani. "Nje waonyeshe wageni wako," angesema. "Mimi nionyeshe ulikoficha uzi." Wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Geuza, likamganda mpaka walinzi wa getini wakalisahau lile alilopewa na wazazi wake.

Tabia hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake, fundi cherehani aliyemfundisha kazi tangu akiwa mchumba tu wa mwanawe. Shida ni kwamba Mwalimu Geuza hakuishia kwenye nguo. Watu nao aliwageuza. Ukimsalimia kwa tabasamu pana kidogo, alirudi nyumbani akijiuliza ulikuwa unataka nini.

Tusimlaumu upesi. Zamani alikuwa mkuu wa idara. Alipokwenda kujifungua, mkuu wa chuo alimwambia kwa sauti tamu, "Pumzika, mwalimu, sisi tupo. Tutakushika mkono." Aliporudi alikuta kiti chake kina mwenyewe, mwanamume aliyeajiriwa juzi tu, anakaimu kwa muda. Mtoto yule sasa ananyoa ndevu na ana nyumba yake, na ule muda haujaisha. Basi habari za kushikwa mkono alizijua, na mkono wenyewe aliukumbuka.

Ugonjwa ule wa kuambukizana kwa pumzi ulipoingia na vyuo kufungwa, walimu waliambiwa wafundishe kwa simu. Mwalimu Geuza akaegemeza simu yake kwenye sufuria, akawa anakata kitambaa juu ya meza ya chakula huku akifoka, "Wewe uliyejificha pembeni, geuza tuone!" Hilo aliliweza. Lililomnyima raha ni tangazo lililofuata: afisa mpya wa ustawi atampigia simu kila mfanyakazi kila wiki, amjulie hali, ili wote wasaidiwe kwa usawa.

"Kwa usawa!" akacheka peke yake jikoni, kicheko kisicho na furaha. "Wanatafuta aliyelegea wamwondoe. Hapa tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa."

Na yeye alikuwa na la kuficha. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amekwama mbali baada ya njia kufungwa. Katika chumba cha pili alilala mama mkwe, kifua kimechoka kwa maradhi ya miaka, na daktari alikuwa ameonya waziwazi: ugonjwa huu ukimpata bibi huyu, hatauweza. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani, yote yalikuwa ya Mwalimu Geuza. Wakijua hilo chuoni, aliwaza, watasema ana mzigo, apumzike. Na kupumzika kwa pale alikujua kunakoishia.

Simu ya kwanza ikaja. Sauti ilikuwa ya binti, laini, haina haraka. "Mwalimu, habari za nyumbani? Unalala vizuri? Kuna mgonjwa au mzee unayemhudumia?"

Mwalimu Geuza akainua kidole kuelekea chumba cha pili, mlango ukiwa wazi. Mama mkwe akamwona, akajiziba mdomo kwa shuka.

"Hakuna mtu, dada. Niko peke yangu, mzima kabisa."

Ikawa ndiyo desturi yao. Simu ikilia, kidole juu, shuka mdomoni. Kila wiki binti aliuliza lile lile, na kila wiki alijibiwa, "Hakuna mtu." Mwalimu Geuza akikata simu alimkuta mama mkwe ametokwa na machozi kwa kikohozi alichokibana. Alimsugua mgongo, akamwambia, "Tujikaze, Mama. Hawa si watu wa kuwaamini."

Kisha likatoka tangazo jingine. Karakana zitafunguliwa kwa mafunzo ya vitendo. Wenye wagonjwa au wazee nyumbani wataendelea kufundisha kwa simu, waliobaki warudi. Mwalimu Geuza alikuwa miongoni mwa waliobaki. Karakana ile madirisha yake hayafunguki vizuri, na huwezi kumfundisha mtu kushona bila kuinama juu ya bega lake. Angerudi kila jioni na pumzi za darasa zima, akamlishe mama mkwe.

Halafu akasikia kwamba mwalimu wa uchomeleaji amepewa ruhusa ya kubaki nyumbani. Hapo damu ikamchemka. Mwanamume tena! Akampigia bila hata salamu.

"Nani amekubeba, kaka? Nitajie tu."

"Amenibeba nani, dada yangu? Mke wangu hana afya. Nilimwambia yule binti wa simu."

"Ukamwambia hivi hivi tu? Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Nilimwambia na hilo pia."

Mwalimu Geuza akabaki ameshika simu iliyokwisha katwa. Aliligeuza jibu lile huku na huku akitafuta hila, asiione. Hasira yake ikakosa pa kwenda, na hofu ikakaa mahali pake.

Wiki ya kufungua ilipokaribia, simu ikalia. Alikusudia kusema kweli, wallahi alikusudia. Lakini swali lilipofika, kidole kikapanda chenyewe.

"Hakuna mtu," akasema.

Safari hii shuka halikutosha. Kikohozi kikapasuka, kirefu, cha kukwaruza.

"Nani huyo, mwalimu?"

"Redio."

Mama mkwe akatokea mlangoni, amejishikiza ukutani, miguu inamtetemeka. Kwa siku nyingi hakuwa ametembea mwendo ule bila kushikwa. Akanyoosha mkono, na mkwewe akajikuta anampa simu.

"Binti," akasema kwa pumzi za kukatika, "mimi ndiye huyo Hakuna Mtu. Kila wiki nakusikia ukiniulizia."

Kisha sauti ikaja ndogo, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamrudishia mkwewe simu.

Mwalimu Geuza aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaeleza yote, kwa mkato. Binti akasema ataomba abadilishiwe leo hii, abaki kufundisha kwa simu.

"Na nafasi yangu?" akauliza, shaka yake ikiwa bado nzima. "Uniambie kweli, watanirudisha?"

"Sijui, mwalimu. Nitakupigania, lakini siwezi kukuapia. Mimi mwenyewe mkataba wangu ni wa muda."

Ndilo neno la kwanza kutoka chuoni lililomwingia. Halikupigwa pasi.

Alimrudisha mama mkwe kitandani, akampangia mito, akamnywesha maji. Alingoja kukemewa, hata alitamani akemewe. Mama mkwe alivuta pumzi kwanza, akamtazama usoni bila ukali.

"Mwanangu, nikuulize kitu. Kama ningekufa juzi, ungeomba ruhusa ya kumzika nani?"

Mwalimu Geuza alilichukua lile shuka, lililoloa pale bibi alipozoea kuliuma, akaenda kulifua.