Uzee wa Bibi Nilivyoueleza

Usiku ule sikulala kwa sababu ya kidole gumba cha mguu wa bibi yangu. Je, kama si uzee?

Nilikuwa nimemaliza shahada ya biolojia na kurudi kijijini kwetu Kirongwe kusubiri ajira, jambo ninalolifanya kwa bidii. Bibi husokota kamba za usumba wa nazi barazani. Ncha ya kamba huibana kwa kidole gumba cha mguu, mikono ikisokota. Siku zile kamba ilikuwa ikimchomoka, naye hajui mpaka aangalie.

"Mume wangu," aliniita, maana huku bibi humtania mjukuu hivyo, "wewe uliyesoma, kidole hiki kimekufa?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikamweleza kwamba habari za miguuni hupanda kwenda kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo, na kwamba humo mna protini za kila aina. Mtu akizeeka, nyingine hupungua, nyingine huharibika zikagandana kama uji uliopoa, na mwili huchelewa kuzifagia. Habari nazo huchelewa.

"Protini si maharage?"

"Ni zaidi ya maharage, Bibi."

"Na hao wazee waliopasuliwa migongo mkayaona hayo ni wa wapi?"

Nikakiri kwamba mengi yamechunguzwa kwa panya.

"Panya gani anasokota kamba?"

Hata hivyo maelezo yalimfaa. Mama alikuwa akimsihi aende hospitali Kilindoni, na sasa Bibi alikuwa na jibu. Jirani alipopita na shikamoo yake, aliitikiwa marahaba, kisha akatangaziwa kwamba protini za mgongoni zimeganda, mjukuu msomi amethibitisha, na uzee hauna dawa. Jirani akanipa pole mimi.

Jioni nikaona lengelenge kwenye kisigino cha Bibi. Alikuwa amekanyaga kaa la moto jikoni.

"Hukusikia?"

"Habari haijafika," alisema, akaendelea kusokota.

Nilicheka. Nilipolala ndipo nikakumbuka kwamba sukari nayo huua hisia za miguu, na sukari ina dawa. Nikikanusha, hataniamini tena. Nikimpeleka ikawa ni uzee tu, nimemsumbua bure. Nikinyamaza, mguu unaweza kuoza. Niliyapima hayo mpaka adhana ya alfajiri, na kila mara la mwisho lilikuwa baya zaidi.

Asubuhi nilianza kwa kumpigia simu mwenye bajaji, nisije nikabadili mawazo. Kisha nikamwambia Bibi.

"Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Protini ni kweli. Ila sijui kama ndizo zinazokusumbua. Hujapimwa."

"Mume gani huyu, jana anajua, leo hajui." Akaingia ndani kutafuta kanga safi.

Daktari alimwuliza anaumwa nini. Bibi akaninyooshea kidole. "Muulize huyo, ndiye aliyesoma."

Nilikuwa na maelezo marefu tayari, nikayaacha. Nikasema kidole hakina hisia, kisigino kimeungua bila mwenyewe kujua, sababu siijui, naomba apimwe sukari.