Server mpya ya nyumbani Kasoli inachemka kila nikiondoka, lakini Jumapili mchana inapoa. Nilichokuta chumbani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine poleni na majukumu.

Hili sikusimuliwa, limenikuta mimi. Anayebisha aje Kasoli, mama yangu yupo, atampa na uji kabla hajamjibu.

Naona kila wiki mtu anauliza humu anunue hard disk gani ya kuhifadhia vitu vya familia. Kabla hujanunua, soma hapa.

Mimi ni fundi kompyuta, nafanyia kazi Lamadi. Nyumbani ni Kasoli, huku kwenye pamba. Mama anaishi peke yake tangu mzee afariki.

Mzee alikuwa mtu wa maneno. Mwaka wake wa mwisho nilimkalisha Jumapili tatu mfululizo nikamrekodi kwa simu. Ukoo ulitokea wapi, ng'ombe gani walitoka kwa mahari ya shangazi yupi, nyimbo walizokuwa wanaimba wakilima. Saa tano na ushee, Kisukuma mwanzo mwisho.

Kopi moja niliiweka kwenye server ya nyumbani. Nyingine ilibaki kwenye simu, na simu ikaja kudondoka ziwani siku nimesindikiza mgeni mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki.

Kwa hiyo sauti ya baba ikawa imebaki sehemu moja tu duniani, kwenye desktop kuukuu yenye disk moja. Ndiyo, fundi mzima. Msijisumbue kunitukana, nimeshajitukana vya kutosha.

Ile desktop ilikaa chumba cha pembeni, maana ndiko kuna soketi nzuri na UPS. TV ya sebuleni inavuta vitu kutoka humo kupitia router. Mama anajua kufungua folda moja tu, nimeiandika BABA. Kila Jumapili akitoka kanisani anakula, anakaa, anamsikiliza mume wake.

Sasa, msimu wa mavuno chumba hicho hicho ndicho ghala. Tangu biashara ya pamba iachiwe huria, wanunuzi ni wengi na kila mmoja anakuja na bei yake. Mama hakurupuki. Anajaza pamba ndani mpaka karibu na dirisha, anasikilizia.

Msimu ule server ikaanza kujizima. Mama ananipigia: "Baba yako amenyamaza."

Naenda, nawasha, inafanya kazi siku tatu nikiwepo bila tatizo lolote. Nikirudi Lamadi, kesho yake imezima tena. Mara ya nne disk ikaanza kutoa mlio kama mtu anabanja karanga. Nikasema huu ni uzee, tujenge nyingine.

Niliagiza Mwanza desktop ndogo iliyotumika ofisini, nikaongeza RAM, nikafunga hard disk mbili mpya kwa mtindo wa RAID 1. Kwa wasiojua, kila kinachoandikwa kinaandikwa kwenye disk zote mbili, moja ikifa nyingine inabaki. Juu yake nikaweka Linux ya bure.

Kuhamisha mafaili kutoka kwenye ile ya zamani kulinitoa jasho. Niliifungua kava nikaielekezea feni ya mezani, nikakaa pembeni yake kama nauguza. Folda ya BABA ndiyo nilianza nayo. Ilipofika asilimia mia sikuona aibu, machozi yalinitoka.

Mama akaja na chai, akaiangalia ile mpya. Akaniuliza kama baba ameshahamia. Nikamwambia ndiyo, yumo humu sasa, na humu hafi. Akasema, "Wabeja, ng'wanone." Yaani asante, mwanangu.

Mbwembwe zikanizidi nikaongeza kitu kimoja. Server inapima joto la disk kila saa na kunitumia kwenye simu, inanichorea graph. Kwa kweli nilitaka tu kumringishia fundi mwenzangu Masanja.

Nikarudi Lamadi. Joto lilikuwa nyuzi 38, safi kabisa.

Kesho yake saa tatu asubuhi, 44. Saa sita, 51. Jioni, 57.

Nikashangaa. Disk mpya, feni mpya, chumba kile kile nilimokaa nayo siku nne bila shida. Usiku ikashuka kidogo, mchana ikapanda tena. Nilishaiwekea ijizime ikifika 60.

Kilichonipa hofu ni kwamba disk zote mbili zilikuwa zinapanda pamoja. Hapo ndipo akili ilinirudi, wakuu. Nilinunua disk mbili ili moja ikifa nyingine ibaki, halafu nikazifungia kwenye boksi moja. Zikiungua zinaungua zote.

Masanja alisema ni umeme. Kesho yake akasema ni router. Siku ya tatu akaniuliza kama nyumba yetu haina mambo. Nikamwacha na mambo yake.

Nilimpigia mama kumuuliza kama ameihamisha. Akasema haijasogezwa hata kidogo, ipo pale pale nilipoiweka. Na hakudanganya, mtaona.

Jumapili nikaona kitu cha ajabu. Asubuhi ilikuwa 55. Saa saba mchana ikashuka, saa nane ikafika 40. Saa kumi ikaanza kupanda tena.

Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo. Ni muda ule ule mama anapomsikiliza baba.

Hii ilinisumbua kuliko joto lenyewe. Server ikifanya kazi inatakiwa ipate joto, siyo ipoe! Nilikuwa narekebisha laptop za watu huku naiwaza. Inakuwaje mashine inachemka ikipumzika na inapoa ikizungumza?

Alhamisi nikafunga ofisi, nikaenda bila kutoa taarifa.

Nilimkuta mama uani anachambua pamba, safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule. Nikamsalimia, "Mwangaluka, mayu." Yaani habari za asubuhi, mama. Badala ya kufurahi alishtuka. Akaanza kuinuka haraka kuwahi ndani, lakini magoti yake si ya kukimbia. Mimi nikatangulia.

Chumba kimejaa pamba mpaka juu. Nyuzi nyeupe zinaelea hewani. Pale kwenye kona, server imevalishwa koti.

Sijasema imefunikwa, wakuu. Imevalishwa. Koti zito la sufu, limefungwa vifungo vyote, kola imesimamishwa.

Nililijua lile koti. Ni la mzee, la kwendea mnadani. Siku ya kugawa nguo za marehemu ilisemwa koti lile ni la kwangu, mtoto wa kwanza. Likatafutwa nyumba nzima likakosekana. Baba mdogo alifikia hatua ya kuwasema vibaya waombolezaji. Mama alikaa kimya muda wote ule, na mimi nikaliacha lipite.

Kumbe kila nikija analivua na kulificha sandukuni. Nikiondoka anamvalisha. Ndiyo maana mbele yangu mashine haikuwahi kuugua.

Nilikaa juu ya magunia. Mama akasimama mlangoni, akaniambia, "Ulisema baba yako yumo humo. Pamba inapepea hivi, mimi ningemwachaje wazi?"

Nikamuuliza, na Jumapili je?

"Jumapili anaongea. Mtu akiongea hafunikwi uso."

Nimesomea vitu hivi, nimefunga mitambo ya watu hapa mjini, na nilijiandaa kwa kila tatizo isipokuwa hilo. Na kusema kweli hofu yake ilikuwa sahihi. Nilipoifungua, feni ilishaanza kusokota nyuzi za pamba. Vumbi lingeiua hata bila koti.

Nilimweleza taratibu kwamba ile mashine inapumua, na koti linamziba pumzi. Uso wake ulibadilika. Akauliza kama ile ya kwanza aliiua yeye. Nilimwambia hapana, ilikuwa imezeeka. Mnisamehe, ila hilo swali ungelijibu vipi wewe?

Kesho yake seremala alitengeneza kikabati chenye wavu pande zote, nikatandika kitambaa chepesi juu ya wavu ili nyuzi zisipite. Mama mwenyewe akaamua pamba ihamie chumbani kwake. Alisema yeye na pamba wamezoeana. Koti tulilitundika ukutani juu ya kikabati, na nikamwambia likae hapo hapo, mimi silihitaji.

Nilichojifunza: RAID siyo backup. Kopi ya pili ikae nyumba nyingine, na ya kwangu sasa ipo Lamadi. Pili, ukimwekea mama yako mtambo, mweleze mtambo wenyewe unavyoishi kabla hujamweleza kilichomo ndani. Mimi nilimwambia baba yumo humo nikaondoka, naye akamtunza kama alivyomtunza siku zote.

Joto sasa ni 38, Jumatatu mpaka Jumapili. Graph imenyooka.

Lakini lile bonde la Jumapili nimelikosa. Lilikuwa linaniambia mama ametoka kanisani, amekula, amekaa. Kwa hiyo napiga simu. Wala haongei sana, anaisogeza simu kwenye TV tunasikiliza wote. Saa tano zile niliziokoa mara mbili bila kuwahi kukaa kuzisikiliza.

Wenye sauti za wazee wenu, mmezihifadhi wapi? Na mnaokaa kwenye vumbi la pamba au mashine za kukoboa, mnazikinga vipi server zenu? Shusheni uzoefu hapa, nitasoma baadaye. Saa hizi ni Jumapili saa saba na nusu, kuna mzee anaanza kuongea.