Kompyuta Niliyoipima kwa Mkono

Jamani, acheni nijicheke kwanza! Mimi huuza viazi katika soko la Gakoromone, na mkono wangu ndio mizani. Jana nilienda kumnunulia binti yangu Kendi kompyuta ya chuo. Muuzaji akanipa moja nyembamba, akaniambia ni ghali kwa sababu ya jina la kampuni, na betri yake hukaa siku nzima.

"Hiyo ni hewa tupu!" nikamkemea, nikiipima mkononi.

Nikainua nyingine ya bei nafuu, nzito kama jiwe. "Hii ndiyo kompyuta!" nikatangazia duka zima, nikalipa haraka kabla hajabadilisha nia.

Muuzaji akaigeuza, akafungua skrubu nne, akatoa bamba la chuma.

"Hili linabaki hapa, mama. Ni la kuzuia wezi."

Nikaipima tena. Haikufika uzito wa viazi vitatu.