Nililicheka Andiko la Mfua Nguo, Tukanywa Maji ya Paka

Kwa siku nane, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka mitano tulitumia maji yaliyokuwa na paka aliyeoza.

Tulipigia mswaki. Tulipikia. Tulimwogeshea mtoto.

Na onyo lilikuwepo. Liliandikwa tangu siku ya kwanza, mchana kweupe, kwenye jukwaa la mtandaoni ninalolisimamia mimi mwenyewe.

Nililiona. Nikalicheka. Kisha nikawaita wengine waje tucheke pamoja.

Nitasimulia kama ilivyokuwa, bila kujisafisha. Hakuna sabuni ya kunitosha.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nafanyia nyumbani, ghorofa ya nne, meza imebanwa kati ya jokofu na dirisha. Miaka miwili iliyopita niliwafungulia watu wa mtaa wetu jukwaa, mahali pa kuulizana habari za fundi mzuri, nyumba za kupanga, umeme umerudi au bado. Tulianza watu thelathini, tukafika mia tisa.

Humo ndani naitwa Mhariri. Wanaojua kwamba Mhariri ni mimi hawazidi watatu.

Jina sikujipa bure. Nina ugonjwa mmoja: andiko bovu linanitia kinyaa. Sisemi linaniudhi. Nasema kinyaa, kile cha kukuta unywele kwenye mchuzi ukiwa umeshameza nusu bakuli.

Mtu akiandika "xaxa" badala ya sasa, nasukuma simu mbali. Akibandika alama za mshangao tisa, natamani kunawa mikono.

Lakini kiboko yangu ni lile bonge moja. Halina aya, halina nukta, maneno yamesongamana kama takataka kwenye mtaro ulioziba. Hujui uingilie wapi wala utokee wapi.

Nikaweka masharti juu kabisa ya jukwaa. Kichwa kieleweke. Aya ziwe fupi. Jambo moja, mstari wake. Watu wakashukuru, na kiukweli jukwaa likaanza kusomeka.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana.

Nikaanzisha tuzo. Niliiita Gazeti la Wiki. Kila Ijumaa nachagua andiko baya kuliko yote, nalibandika juu, halafu watu wanajimwaga. Ilipendwa sana. Kuna watu walikuwa wanaingia jukwaani Ijumaa tu.

Sasa, Alhamisi moja akaingia mgeni anayejiita Anga Safi. Kichwa cha andiko lake kilikuwa "Naomba mnisikilize". Mwili wake ulikuwa hivi:

"habari zenu wapendwa mimi ni mgeni humu samahanini kama nakosea mimi ni mtu wa kazi za mikono mwaka wa sita huu natumia paa la jengo la geti la kijani goti linanisumbua lakini ngazi nazipanda kila siku namshukuru Mungu sasa jana upepo ulipovuma sana nilikuwa naanua nikaona"

Hapo ndipo nilipoishia. Chini yake kulikuwa na kama mistari thelathini ya namna hiyohiyo.

Jengo la geti la kijani ndilo ninaloishi. Hata hilo halikunishtua. Niliona goti, nikaona upepo, nikajua ni mtu anayetafuta wa kumpigia soga.

Ijumaa nikampa tuzo. Juu yake nikaandika: "Atakayefika mwisho apelekewe maji ya kunywa."

Maji ya kunywa. Niliandika hivyo kwa vidole vyangu.

Watu wakaangua vicheko. Mmoja akasema alianza kusoma hana ndevu. Mwingine akauliza kama kuna aliyerudi salama atupe muhtasari. Hakuna aliyerudi, kwa sababu hakuna aliyekwenda. Jioni nikaufunga uzi ili mwenyewe asiendelee kutujazia.

Jumapili mke wangu akasema maji ya bomba yananuka kama kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa kikiwa kibichi. Mke wangu ana pua isiyodanganyika. Nikamwambia ni dawa wanayoweka kwenye maji. Nilisema kwa uhakika wote wa mtu asiyejua kitu.

Ya kunywa tulikuwa tunachemsha, ndiyo. Baadaye nilikuja kujiuliza maji yaliyochemshwa na paka ndani yake yana tofauti gani na supu. Jibu sijapata, na supu sijala tena.

Jumanne mambo mawili yakatokea.

La kwanza, nilikutana kwenye ngazi na Mama Kamba. Huyu ni mama mtu mzima anayefulia karibu jengo zima na kuanika juu ya paa, ndiyo asili ya jina lake. Wiki ile nguo zetu zilichelewa siku tatu. Nikamkuta ghorofa ya pili amebeba madumu mawili ya maji, jasho linamchuruzika, goti moja halikunji vizuri. Sikumpokea hata dumu moja. Nikamuuliza nguo zangu zina nini.

Akaniomba radhi. Akasema siku hizi maji anayatoa mbali, barabarani kule. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo yake na mimi nina mashati ya kuvaa.

La pili, binti yetu akaanza kuhara.

Usiku hadi asubuhi ilikuwa chooni na beseni, beseni na chooni. Jumatano tukampeleka hospitali, akalazwa, akawekewa dripu kwenye kijikono kisichozidi upana wa kijiko. Daktari akauliza tunatumia maji gani. Nikasema ya bomba, safi, tunachemsha. Akauliza kama mtoto anapiga mswaki kwa maji ya kuchemsha.

Nikasema anapigia ya bomba.

Alhamisi asubuhi nikarudi nyumbani kubadilisha nguo. Nikafungua bomba, nikapiga mswaki, nikasukutua. Kitu kikabaki kwenye ulimi. Nikakitoa kwa vidole viwili.

Unywele. Mfupi, wa kijivu.

Mimi nina kipara. Mke wangu nywele zake ni ndefu na nyeusi.

Nikampigia fundi bomba. Akaja na ngazi yake, akapanda paani. Dakika tano hazikuisha, akashuka akiwa ameziba pua kwa kola ya shati. Akaniambia nizime maji yote kwanza, maswali baadaye. Nikang'ang'ania kupanda.

Ningemsikiliza.

Tangi halikuwa na mfuniko. Ndani, maji yalikuwa na utando wa mafuta unaong'aa rangirangi, na katikati yake kulikuwa na kitu kimevimba ukubwa wa mto wa kulalia. Ngozi ilikuwa imeanza kuachana na mwili. Manyoya yalielea pembeni kwa mafungu, mengine yamenasa kwenye tundu la bomba linaloshuka kwetu. Fundi alipokigusa kwa mti, kilipasuka kidogo.

Uvundo ule haukuingilia puani. Uliingilia mdomoni.

Nikatapika palepale, miguuni pangu. Nilipoinua kichwa, Mama Kamba alikuwa amesimama kando ya kamba zake na beseni mkononi.

"Mimi nilisema," aliniambia. Hakusema kwa ukali. "Nilimwambia meneja wa jengo siku ileile. Akasema nikipita milangoni kuwatisha wapangaji, nitafute paa lingine la kuanikia. Basi nikaandika kule mtandaoni kwa jina la kujificha."

Nikamuuliza jina gani, ingawa nilishaanza kulijua.

"Anga Safi," akasema. "Huyo anayejiita Mhariri akaniwekea gazeti."

Nikawa kama nimemwagiwa maji, tena ya tangi lile. Nikazunguka nyuma ya ukuta wa ngazi, nikatoa simu, nikaliona andiko lake bado limebandikwa kule juu na vicheko vyake sitini na tatu. Kwa mara ya kwanza nikalisoma lote.

Lilikuwa katikati kabisa. Mfuniko umepeperushwa na upepo, nimechungulia, kuna paka amekufa, msiyatumie maji hayo, hasa wenye watoto. Halafu akaendelea kueleza kuwa yeye sasa anachota maji barabarani asije akawafulia watu kwa uchafu.

Yaani mashati yangu ndiyo yaliyookolewa.

Mtu mzima angeomba radhi hapohapo. Mimi nilirudi pale kwenye kamba nikatafuta pa kujificha. Nikamwambia, "Lakini mama, na wewe ungeandika vizuri. Ungeweka hata aya, watu wangesoma."

Nikiyakumbuka maneno hayo kinyaa kinanirudia kuliko cha paka.

Hakubisha. Akafuta mikono, akatoa simu yake, ndogo, ya bei ya chini, kioo kimepasuka kona. Akafungua sehemu ya kuhifadhi maandishi. "Masharti yao niliyasoma," akasema. "Niliandika hapa kwanza nusu siku nzima, binti yangu akanisahihisha, ndipo nikanakili kule. Tazama, baba."

Nikatazama.

Kila sentensi ilikuwa kwenye mstari wake. Nukta hakuweka, lakini hazikuhitajika, maana kila jambo lilisimama peke yake. Salamu zilitangulia, kwa kuwa hajazoea kuingia kwa watu bila hodi. Kisha nafasi. Kisha, katikati ya kioo, juu peupe na chini peupe: "kuna paka amekufa kwenye tangi". Huwezi kulikosa. Hata ukiwa mlevi huwezi.

Niliuliza kama ana hakika alituma hivi. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mjinga.

Nikashuka ngazi mbilimbili hadi kwenye kompyuta yangu.

Mwaka jana kuna jamaa alituma andiko lenye mistari mitupu arobaini, akaharibu ukurasa mzima. Kwa hasira nikatunga kijiamri kimoja kifupi cha programu, cha kufuta mistari mitupu iliyozidi kila andiko linapofunguliwa. Nikakijaribu kwenye kompyuta yangu, kikakubali. Nikakijaribu kwenye simu yangu ya gharama, kikakubali. Nikasahau.

Simu ndogo za bei ya chini huweka alama ya mstari kwa namna nyingine. Kwenye andiko lililotoka simu hizo, kijiamri changu hakikufuta iliyozidi. Kilifuta yote. Kila aya, kila nafasi, vyote viligandamizwa kuwa bonge.

Sikuwahi kukijaribu kwenye simu ndogo. Nyumbani kwangu hakuna mwenye simu ndogo.

Nikakifuta. Nikafungua jukwaa upya.

Andiko la Anga Safi likakunjuka mbele yangu kama nguo inapokung'utwa. Nikashuka chini kwenye magazeti ya zamani, moja baada ya jingine. Yalikuwa hamsini na moja. Thelathini na nane yalikunjuka. Watu walikuwa wamefuata masharti yangu neno kwa neno. Mimi ndiye niliyewavunjia aya zao, kisha nikawacheka kwa kukosa aya.

Mmoja alikuwa anamtafuta baba yake mzee aliyetoka nyumbani bila kuaga. Rangi ya shati, mstari wake. Viatu, mstari wake. Alama ya kovu, mstari wake. Namba ya simu, mstari wake.

Tulimpa gazeti. Tulimcheka siku nzima. Hakuandika tena, na namba ile nilipoipiga haikupatikana.

Nyani haoni kundule, walisema. Mimi nililikalia mwaka mzima nikiwaonyesha wengine yao.

Nikapanda tena paani. Fundi alikuwa anafunga mfuko mweusi, na Mama Kamba anaanika mashuka ya watu wa ghorofa ya tano. Nikamwambia Mhariri ni mimi. Nikamweleza habari ya kijiamri, na jinsi nilivyoishia mstari wa nne.

Alimaliza shuka lote kwanza. Ndipo akaniuliza mtoto ameamkaje.

Nikasema anaendelea vizuri, huenda kesho akatoka.

"Mshukuru Mungu," akasema. Akainama, akachukua shuka lingine. "Nguo zenu kuanzia wiki ijayo tafuta mtu mwingine. Sina hasira na wewe, baba. Ila nguo za watu nazishika kwa mikono hii, na zako sasa zitanitia kinyaa."

Neno lilikuwa langu, yeye alinirudishia tu.

Binti yetu alitoka Ijumaa, amekonda lakini anadai biskuti. Tangi lilisuguliwa mara tatu. Wenye jengo walipoyasikia yote walimwondoa meneja. Mimi hakuna aliyeniondoa, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe jukwaani, mwanzo hadi mwisho, nikafuta tuzo, nikawaandikia wale thelathini na nane mmojammoja. Waliojibu ni sita. Wanne walinitukana, na matusi yao yalikuwa yamepangwa vizuri sana.

Mke wangu hajanisema. Ila kila akitaka kupiga mswaki, anainua bilauri kwenye mwanga, anaitazama, halafu ananitazama mimi.

Ndugu zangu mnaoandika mitandaoni, wekeni aya. Jambo la hatari liandikeni mstari wa kwanza, salamu zitasubiri, hakuna atakayewaona hamna adabu. Hilo bado naliamini.

Lakini wewe unayesoma, ukikutana na andiko bovu, limalize kwanza ndipo ucheke. Na kama jukwaa ni lako, azima siku moja simu ya mtu mwenye kipato cha chini kuliko chako, uandike kwa hiyo, utume, halafu usome kilichotokea.