Waliyemwita Walii wa Makorora

Mwanangu, ipo siku moja ambayo sijaisahau mpaka leo. Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru haujaja bado. Nilikuwa nimeolewa kijiji cha Moa, nina binti mmoja tu, Mwanaidi, hajatimiza miaka miwili.

Alipatwa na surua. Upele ulipokwisha, kifua kikabana. Kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Dresa, yule mtibabu wa zahanati yetu, alimsikiliza kifua, akaniambia, "Mama, panda lori la asubuhi umpeleke hospitali kubwa Tanga. Usipitie popote."

Nilipitia. Nakwambia kweli, maana sioni faida ya kukupa nasaha huku naficha kosa langu. Habari za Maalim Shekue wa Makorora, mtaa wa pale pale Tanga mjini, zilikuwa zimeenea, kwamba ni walii aliye hai, akimsomea mgonjwa anainuka. Nami hospitali nilikuwa naiogopa. Dada yangu aliingia mle akatoka amefunikwa shuka. Basi nikajiambia, kwa walii hapaharibiki kitu.

Nilifika saa nne, baraza imejaa. Nikaelekezwa mwisho wa foleni. Adhuhuri ikapita. Mwanaidi akaacha kulia, nami kwa ujinga wangu nikashukuru, nikidhani baraka za nyumba ile zimemtuliza. Kisha nikaona midomo yake imekuwa ya kijivu. Hata hapo sikunyanyuka, nikichelea kupoteza zamu.

Maalim alitoka kwenda kutawadha kwa sala ya alasiri, ndipo akatuona. Mzee mfupi, kanzu imefifia. Nikampigia magoti.

"Shikamoo, Maalim. Wewe ni walii, mwombee mwanangu."

"Marahaba. Umempeleka hospitali?"

"Bado. Nimeanza kwako."

Uso ulimbadilika. Alimchukua mtoto mikononi mwangu akatoka peku, anakwenda mbio za kizee. Watu wakamfuata wakidai zamu zao. Mmoja akamshika kanzu, akajinasua. Njiani aliniambia bila kunitazama, "Mwezi uliopita mama mmoja alikaa pale ulipokaa wewe. Nilipomfikia, mtoto amekwisha kufa mapajani mwake. Naye akanishukuru, eti kafia mlangoni kwa walii. Tangu siku ile usingizi sina. Nawaambia watu mimi si walii, wanasema huo ni unyenyekevu. Usiniite jina hilo, binti. Niite Shekue."

Hospitalini muuguzi mmoja, Mbondei mwenye msalaba shingoni, alimpokea Mwanaidi, akaanza kazi kabla sijamaliza kueleza. Maalim alisimama nje ya dirisha akiomba kimya kimya mpaka magharibi.

Mwanaidi alipona, ila sikio la kushoto halikusikia tena. Sijui kama ni surua tu, au ni zile saa nilizomkalisha barazani. Sijapata kuthubutu kumuuliza daktari.

Sasa nasikia nanyi vijana mna mtu mnayemwita walii, mnambusu mikono na kumngojea awaamulie kila jambo. Naingiwa na hofu, Mwanangu. Simkatalii mtu wema wake. Mawalii Mungu ndiye anayewajua. Lakini nikibanwa nimtaje aliyekaribia uwalii, nitamtaja Shekue, si kwa miujiza, sikuiona. Nitamtaja kwa kuwa jina lake kubwa lilimtia hofu, na kifo cha mtoto wa mtu kilimtia hofu zaidi. Na yule muuguzi, ambaye hakuna aliyemwita chochote, nitamtaja pia.

Basi mheshimu mtu mwema, umwombe dua, ila usimtwishe kazi uliyopewa wewe. Ukiambiwa mpeleke mtoto hospitali, mpeleke. Dua itawakuta huko huko. Na ukisikia watu wanakusifu wewe kupita kiasi, waambie basi, tena mapema, kabla hajaumia mtu.

Mungu akuhifadhi, Mwanangu. Akupe watu wa kukwambia kweli, na akupe moyo wa kuwasikia muda ukiwa bado upo. Amin.