Shikamoo Zilivyotaka Kuninyima Sauti

Jamani, huko nyuma kwenye birika la chai mnanisikia? Mnanisikia! Basi Mungu ni mwema, tuendelee.

Mimi kabla ya kuugua nilikuwa mwongeaji, wote mnanijua. Nikitoka kununua maziwa pale mtaani kwetu Hagsätra narudi jioni. Naongea na Mkongo, naongea na Mganda, naongea na Waswidi ambao hata hawajui nasema nini.

Sasa mjukuu wangu Neema, mtoto wa binti yangu, kazaliwa hapahapa Uswidi, ana bendi. Siyo kwaya! Bendi ya magitaa ya makelele. Wanaume wazima wanapaka wanja na rangi ya mdomo, suruali za chuichui zimewabana, nywele wamezipulizia dawa zimesimama wima. Kabla ya kwenda studio wanapita kwangu kula chapati. Neema kawafundisha adabu, wakiingia tu: "Shikamoo, Mormor!" Mormor ndiyo bibi mzaa mama, kwa Kiswidi.

Siku moja wakanipeleka studio nikawasikilize. Wimbo mmoja ukanichangamsha, nikapiga vigelegele. Emil, mpiga gitaa, akaruka. "Hivyohivyo! Tena!" Tena, na tena, mpaka nikasikia ladha ya damu kooni. Vigelegele vyangu wakavirekodi, wakaviweka kwenye albamu yao, na albamu ile ndiyo iliyowatoa. Walikuwa wanapigia watu wachache kwenye vilabu, sasa wanaitwa mpaka Ujerumani. Na kila shoo, "Mormor, njoo upige." Nikaenda, nikapiga.

Sauti ikaanza kukwaruza. Asubuhi haitoki kabisa, inatoka pumzi tu. Nikimeza mate ni kama nameza mchanga. Na kila mtu kawa daktari! Huyu tangawizi, yule asali na limau, shoga yangu wa Tumba kaniletea pilipili manga nisukutue. Nikasukutua, machozi yakanitoka. Binti yangu akachoka: "Mama, twende hospitali, acha mapishi."

Daktari akaniingiza kamera puani, kitu chembamba kama uzi, mpaka kooni. Nikaona kwenye runinga yao: nyuzi zangu za sauti, na juu yake kinyama chekundu kama punje ya mtama, kimejaa damu. "Siyo saratani," akasema. "Tutakitoa. Lakini baada ya hapo usitoe sauti, hata kunong'ona, mpaka nikuruhusu. Kidonda kikifunga vibaya, sauti haitarudi."

Nikaogopa. Hebu fikirieni, mimi bila sauti!

Wakanilaza, wakakitoa, nikarudi nyumbani nimefunga mdomo. Simu sikushika. Lakini wageni! Kila anayekuja kuniona: "Shikamoo, bibi." Sasa nimwache mtoto wa watu na shikamoo yake inaning'inia? "Marahaba." Neema anafoka, "Mormor, tyst!" yaani ninyamaze. Mimi nikaona marahaba siyo kuongea, ni kujibu tu. Na ile bendi nayo, mmoja baada ya mwingine mlangoni, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Marahaba, marahaba, marahaba.

Siku ya kurudi kwa daktari, akapiga simu kwa mkalimani. Mkalimani, kijana wa kwetu kwa lafudhi yake, akaanza: "Shikamoo, mama. Daktari anasema usiongee kabisa, ujibu kwa kichwa."

"Marahaba, baba, hujambo?"

Daktari akatupa kalamu. "Hicho ni nini?"

Masikini mkalimani akaanza kumfundisha daktari shikamoo. Daktari akachungulia kooni, kidonda kimevimba. "Mwambie hiyo marahaba ndiyo inayomla koo. Akiendelea, siwezi kumsaidia."

"Mama, nisamehe, nimekuponza," anasema mkalimani. Nataka kumwambia usijali, mwanangu, binti yangu akaniziba mdomo kwa kiganja! Mbele ya daktari!

Neema akawasimamisha wenzake mlangoni. "Atakayempa Mormor shikamoo, hapandi jukwaani."

Emil akauliza, "Sasa tuingie kimya kama wezi?"

Wakakubaliana wainamishe kichwa, mimi niweke mkono juu. Nywele zile! Zinanata kama ulimbo, mchana kutwa nanawa mikono. Na wengine wakanuna. Mama mmoja wa Södertälje anasema nimekuwa staa, nimo kwenye albamu, salamu sijibu tena. Nilitamani kumjibu. Kwa mdomo gani?

Daktari akaja kuniruhusu kidogokidogo. Mtaalamu wa sauti akanipa mrija, nipulize kwenye glasi ya maji huku naguna, uuu, maji yanatoa mapovu. Mtu mzima na akili zangu! Nikapuliza kila siku, nimekasirika lakini napuliza. Asubuhi moja ile uuu ikatoka imenyooka, haina mchanga. Nikaangusha machozi humo humo kwenye glasi.

Basi nashukuru Mungu, namshukuru daktari na ukali wake, binti yangu na kiganja chake, Neema na makelele yake. Nanyi, sauti ikikwaruza wiki baada ya wiki, wekeni pilipili manga kwenye pilau, koo lipelekeni likaangaliwe. Ukiambiwa nyamaza, hata salamu imo. Na nyie vijana, mgonjwa wa koo mpungieni mkono, mtaacha adabu siku chache tu, hamtakufa.

Vigelegele daktari kanipiga marufuku moja kwa moja. Emil kaja juzi, uso umemshuka, eti Mormor, tutafanyaje? Nikamwambia: mnavyo kwenye albamu, vipigeni hivyo mpaka mchoke. Sauti hii iliyobaki ni ya kuongelea.